Tomaso Hakuwapo: Thamani ya Kuwa Mwanajumuiya

Dominika ya Pili ya Pasaka, Mwaka A
Mdo 2:42-47, 1 Pet 1:3-9, Yn 20:19-31



Masomo matatu ya Dominika hii yanagusa jambo ambalo sisi Wakristo wa nyanda za juu za Kigoma tumelijua kwa namna ya pekee. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatuonyesha waamini wa kwanza wa Yerusalemu wakifundishwa na Mitume, wakisali, wakila pamoja na kugawana mali zao kadiri ya mahitaji ya kila mmoja. Mtume Petro anawaandikia watu ambao, katika salamu zake za mwanzo, anawataja kuwa wageni waliotawanyika katika majimbo ya Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bitinia. Naye Mwinjili Yohane anatusimulia habari za Mtume mmoja ambaye hakuwapo Bwana alipowatokea wenzake.

Jumuiya, wageni waliotawanyika, mtu aliyekosekana. Kwa mambo hayo matatu tunataka kujibu swali ambalo waamini wengi huwauliza makatekista wao, na ambalo wengine hawaliulizi kwa mdomo bali hulijibu kwa kutokufika: Je, kuna haja gani ya kuwa mwanajumuiya? Haitoshi mtu kubatizwa, kuzishika amri za Mungu na kusali nyumbani kwake?

Tunalijibu hivi: Jumuiya ya Kanisa ni mahali ambapo mtu hujulikana kwa jina lake, na akikosekana huulizwa. Mengine yote, yaani vikao, michango na uongozi, yapo kwa ajili ya hilo.

Namba na jina

Wazee wa Kasulu na Kibondo wanalikumbuka vizuri neno manamba. Wakati wa ukoloni Waha wengi waliondoka Buha kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, safari ya kuikata nchi nzima kutoka magharibi hadi mashariki. Kule waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikwa kwa namba, na namba hiyo ndiyo iliyotajwa kazini na wakati wa malipo. Mtu aliyekuwa na baba, ukoo na kijiji aligeuka kuwa tarakimu katika daftari la bwana shamba. Akifa, namba yake hufutwa na kazi huendelea.

Hatusemi kwamba kila orodha ni dhambi. Yusufu na Maria nao walikwenda Bethlehemu kuandikishwa. Hata hivyo mwanadamu hawezi kuishi kwa namba peke yake, na jambo hilo tumeliona tena karibu na nyumba zetu.

Mwaka 2015, baada ya machafuko ya kisiasa yaliyoanza mwezi Aprili nchini Burundi, watu walianza kuvuka mpaka kuingia Tanzania. Mwezi Mei makumi ya maelfu walikuwa wamerundikana Kagunga, kijiji kilichoko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, chini ya milima. Kipindupindu kilizuka. Meli ya MV Liemba iliwachukua kwa awamu hadi Kigoma mjini, na kutoka huko wakapelekwa kwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, ambayo tangu mwaka 1996 ilikuwa makao ya wakimbizi kutoka Kongo. Nyarugusu ilipofurika, kambi ya Nduta wilayani Kibondo, iliyowahi kuwahifadhi Warundi wengine kabla ya kufungwa, ilifunguliwa tena mwezi Oktoba mwaka huohuo. Katika kipindi cha miaka miwili hivi Nduta ilikuwa na watu zaidi ya laki moja, wengi kuliko miji mingi ya mkoa wetu.

Tutafakari maana ya kuingia mahali kama hapo. Kila kaya ilipewa kadi ya mgawo wa chakula. Jirani hakuwa mtu wa mlima wako, bali mtu aliyefika siku ile uliyofika wewe. Sheria haikumruhusu mkimbizi kutoka kambini bila kibali. Zaidi ya hayo, watu waliokimbia vitisho hawakumwamini kwa urahisi mtu wasiyemjua: huyu alikuwa upande gani? Anatafuta nini kwangu? Uandikishaji, kazi iliyo ya lazima na ya huruma, uliwapatia watu hema, unga na dawa. Lakini kadi ya mgawo haiwezi kumwuliza mtu, "Mbona jana hatukukuona?"

Kanisa lisilo na kuta

Hapo ndipo tunapoona kazi ya jumuiya. Waamini waliofika Nduta hawakukuta kanisa la matofali likiwangoja. Lakini kitu cha kwanza ambacho Wakristo hufanya mahali popote wanapokusanywa na msiba ni kutafutana: Nani ni Mkatoliki hapa? Nani anajua kuongoza sala? Nani alikuwa katekista kwao? Chini ya mti au chini ya turubai, watu hukusanyika Dominika, na pasipo padre, katekista huongoza ibada ya Neno la Mungu. Hivyo Kanisa huwapo kabla ya jengo la kanisa.

Warundi wenye umri mkubwa hawakuwa wageni wa jambo hili. Katika miaka ya 1980 utawala wa Rais Jean-Baptiste Bagaza ulilibana Kanisa la Burundi: wamisionari wengi walifukuzwa, na misa za siku za kazi zikazuiwa. Utawala huo ulipoangushwa mwaka 1987 Kanisa lilikuwa bado hai, kwa kuwa lilikuwa limehifadhiwa na familia, makatekista na waamini wa kawaida waliojuana.

Kwetu Afrika Mashariki njia hii ilichaguliwa rasmi na wachungaji wetu. Mwaka 1976 maaskofu wa nchi za AMECEA, waliokutana Nairobi, waliamua kwamba kujenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwe ndiyo shughuli ya kwanza ya kichungaji. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Katika parokia yenye waamini elfu kadhaa, padre hawezi kujua kwamba mama fulani wa kigango cha mbali hajaonekana kwa majuma matatu. Lakini kaya kumi au kumi na tano zinazokutana kila juma, zikisoma Injili ya Dominika inayofuata na kuuliza habari za wagonjwa, zitajua siku hiyohiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umefundisha mwaka 1964 kwamba Mungu hakupenda kuwaokoa wanadamu mmoja mmoja pasipo kifungo kati yao, bali aliwafanya kuwa taifa moja. Jumuiya ndogo ni fundisho hilo kuu likiwa limevaa nguo za kijiji.

Tutoe mfano mmoja ambao makatekista wetu wanakutana nao. Mtu anayekimbia usiku hachukui cheti cha ubatizo. Anafika ugenini, anataka kufunga ndoa au kupokea Kipaimara, na daftari la ubatizo limebaki katika parokia isiyofikika. Je, amepoteza ubatizo wake? Hasha. Kanuni ya 876 ya Sheria za Kanisa inaeleza kwamba, pasipo kuleta madhara kwa mtu mwingine, ubatizo unaweza kuthibitishwa na shahidi mmoja anayeaminika, au kwa kiapo cha mbatizwa mwenyewe ikiwa alibatizwa akiwa mtu mzima. Shahidi mmoja! Yaani jirani aliyekuwapo, msimamizi, mwanakwaya mwenzako wa zamani, anaweza kusimama na kusema: Huyu namjua, alibatizwa mbele yetu. Karatasi ikiungua, jumuiya hukumbuka. Lakini ni nani atakayemshuhudia mtu ambaye hakutaka kujulikana na yeyote?

Mtume aliyekosekana

Sasa tumrudie Tomaso. Mara nyingi tunamlaumu kwa kutosadiki, tukasahau lililotangulia. Mwinjili anasema wazi kwamba jioni ile ya kwanza Tomaso hakuwa pamoja na wenzake. Hatuambiwi sababu. Labda huzuni, labda hofu, labda aliona hakuna tena la kukutania. Bwana alikuja akiwa hayupo, naye akaikosa amani iliyotolewa usiku ule.

Tazameni basi walivyotenda wale kumi. Hawakusema, "Shauri yake." Walimtafuta, wakampasha habari. Alipokataa kusadiki hawakumfukuza; walimvumilia juma zima pamoja na maswali yake. Naye Tomaso, ingawa hakusadiki, alirudi akaketi nao. Siku ya nane Bwana alikuja tena, na safari hii alimwita Tomaso mwenyewe. Bwana angeweza kumtokea peke yake njiani, hakufanya hivyo. Alimngoja ndani ya jumuiya, na humo Tomaso alitoa ungamo la imani lililo kubwa kuliko yote katika Injili hiyo.

Hilo ni jibu kwa yule asemaye, "Mungu yuko kila mahali, mimi nasali nyumbani." Ni kweli, Mungu yuko kila mahali, na sala ya chumbani ni njema, Yesu mwenyewe aliifundisha. Lakini anayesali nyumbani peke yake siku zote hana wa kumwambia kwamba imani yake imepoa, wala hana wa kumbeba siku ambayo hataweza kusali. Kaa moja likitolewa jikoni na kuwekwa kando huzimika, hata kama lilikuwa jekundu kuliko mengine.

Manung'uniko katika jumuiya

Kuna wanaosema kwa uchungu: "Tulikwenda jumuiya, tukakuta masengenyo na madai ya fedha." Hatuwezi kuyafumbia macho hayo. Zipo jumuiya ambako mtu hukumbukwa tu wakati wa michango. Vipo vigango ambako wengi hujiandikisha kwa hofu moja tu: wasije wakakosa barua ya mwenyekiti siku ya ubatizo wa mtoto, au wakanyimwa padre siku ya mazishi. Tukifika hapo tumeirudisha ile namba ya manamba ndani ya Kanisa, na jumuiya imegeuka kuwa ofisi ya vibali.

Barua ya jumuiya ina maana yake. Ni ushuhuda wa watu wanaomjua mwenzao. Lakini ushuhuda unadai kumjua mtu kwanza. Kiongozi anayekataa kumwandikia mtu ambaye hajapata kumtembelea hata mara moja ajiulize: anashuhudia nini?

Hata hivyo, kasoro za jumuiya si sababu ya kuiacha. Kitabu hikihiki cha Matendo, kinachotusifia leo umoja wa waamini wa kwanza, katika sura ya sita kinaeleza bila kuficha kwamba palitokea manung'uniko: wajane wa Wayahudi wenye lugha ya Kigiriki walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwanyamazisha walalamikaji, wala wajane hao hawakujitenga. Walichaguliwa watu saba wenye sifa njema ili wasimamie huduma hiyo. Kwa hiyo utumishi wa mashemasi tunauhusisha tangu zamani na lalamiko la wanawake maskini walionyimwa haki yao ya chakula.

Katika makambi ya mkoa wetu suala la mgawo halikuwa hadithi ya zamani. Mwaka 2017 mgawo wa chakula ulipunguzwa kwa kukosekana fedha za wafadhili. Katika saa kama hiyo kipimo cha jumuiya si uzuri wa kwaya yake. Kipimo ni mjane mwenye watoto na asiye na ndugu: je, yuko mtu anayejua kwamba leo kwake hapakupikwa? Aliye na kidogo hawezi kugawa kingi, lakini anaweza kujua. Na anayejua hawezi kula kwa utulivu bila kufanya lolote.

Damu na maji

Limebaki swali lililo zito kuliko yote, nasi watu wa mpakani hatuna haki ya kulikwepa. Tarehe 10 Aprili 1994 Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma. Iliuchagua mfano wa Familia ya Mungu ili kueleza Kanisa ni nini katika bara letu, na Papa Yohane Paulo wa Pili aliuthibitisha katika waraka aliotia sahihi Yaoundé mwezi Septemba 1995. Lakini siku chache kabla ya Sinodi kufunguliwa mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda. Watu waliuawa hata ndani ya makanisa, na mara nyingi muuaji na aliyeuawa walikuwa wamebatizwa katika kisima kimoja. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, kwa jirani zetu wa kaskazini. Ilikuwaje Familia ya Mungu ikamwaga damu yake yenyewe?

Waswahili husema damu ni nzito kuliko maji. Kwa wengi msemo huo ulitimia: damu ya kabila ilishinda maji ya ubatizo. Majina yalikuwa katika daftari la parokia, lakini mioyo ilikuwa imeandikishwa kwingine. Hapo tunajifunza kwamba kujaza makanisa si sawa na kujenga jumuiya. Mtu anaweza kukaa miaka ishirini benchi moja na jirani yake bila kumhesabu kuwa ndugu.

Lakini msemo huo ulishindwa pia, na ulishindwa na vijana. Tarehe 30 Aprili 1997, wakati Burundi imo katika vita, watu wenye silaha waliivamia seminari ndogo ya Buta, katika jimbo la Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Vijana wale walikataa. Waliuawa waseminari arobaini, Wahutu na Watutsi pamoja. Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilianzisha rasmi mchakato wa kuwaombea wahesabiwe miongoni mwa wenyeheri.

Tujiulize: walipata wapi nguvu hiyo? Haikuzaliwa alfajiri ile. Katika miaka ya vita walikuwa wameishi, wamesali, wamekula na kucheza pamoja, na walifundishwa kuzungumza waziwazi juu ya yale yaliyoigawa nchi yao. Amri ya kutengana iliwakuta wakiwa tayari wamekuwa ndugu. Hii ndiyo thamani ya jumuiya iliyo ya kweli: polepole, katika mambo madogo ya kila juma, inaandaa ndani yetu jibu ambalo hatutakuwa na muda wa kulitafuta siku ya kujaribiwa.

Nasi wenyeji wa Kibondo na Kasulu tunahusika. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu. Mha na Mrundi husikilizana pasipo mkalimani. Tangu mwaka 1972 tumewapokea kizazi baada ya kizazi, na tangu mwaka 2017 wengi wa waliokuja mwaka 2015 wamerejea kwao. Tuchunguze basi namna tunavyolitamka neno mkimbizi. Je, ni jina la ndugu aliyepatwa na shida, au ni tusi sokoni? Anayewaombea wanafunzi wa Buta na kumcheka Mrundi gulioni bado hajaelewa walikufa kwa ajili ya nini.

Neno kwa makatekista

Ndugu makatekista na viongozi wa jumuiya, kazi yenu huanza kwa kuhesabu watu, lakini haiishii hapo. Mnapokutana juma hili, kabla ya kusoma taarifa ya mhazini, tajeni majina ya wasiokuwapo. Pangeni nani atamtembelea nani, na juma lijalo mwulizeni amemkuta katika hali gani. Mgeni akihamia kijijini, mtu afike kwake kabla ya siku ya Dominika, bila kuongozana na kitabu cha michango. Mwanajumuiya akihama, iwe ni kwenda mjini kutafuta kazi au kurejea nchini kwake, msimpe barua tu. Mwombeeni kwa jina, na mkiweza pelekeni habari kwa jumuiya inayompokea. Hali kadhalika wapeni nafasi walio na mashaka na walio na uchungu, kama wale kumi walivyomwachia Tomaso nafasi yake mezani.

Nawe mwamini uliyekaa kando muda mrefu, pengine una sababu zako, na pengine ni za haki. Tomaso naye alikuwa na zake. Rudi pamoja nazo. Hukulazimika kusadiki kila kitu ndipo uketi. Tomaso aliketi kwanza, kisha akasadiki.

Mtume Petro aliwaambia wale wageni waliotawanyika kwamba wanao urithi usioharibika, waliowekewa mbinguni. Kambi hufunguliwa na kufungwa, na mipaka huvukwa kwenda na kurudi. Urithi huo hauna kadi wala foleni. Wanaoungoja wanajuana, nao huulizana njiani. Bwana wetu Yesu Kristo, Mchungaji anayewaita kondoo wake kila mmoja kwa jina, atujalie kuzijenga jumuiya ambamo hakuna atakayepotea pasipo mtu kugundua.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele, amina.